Kliniki Ni Mlango wa Kushoto

Shuleni nilisifiwa sana kwa Kiswahili changu, na sifa hizo ndizo zilizokaribia kufunga mlango wa wagonjwa wa mtaa wetu. Leo naweza kulisema jambo hili nikicheka, kwa sababu mlango haukufungwa. Lakini kuna wiki moja katika miaka ya tisini ambayo sikucheka hata kidogo, na kila nikiikumbuka hushusha pumzi upya.

Wakati huo niliishi na mama yangu mtaani Jericho, katika nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, ambayo marehemu baba alituachia baada ya miaka mingi ya ukarani kwenye reli. Mama alikuwa na presha. Siku moja alianguka jikoni akisonga ugali, na nikamkuta sakafuni, mwiko bado mkononi. Tangu hapo alikwenda kila mwezi kwenye kituo cha afya cha mtaa kupimwa na kupewa vidonge. Kwa mtu mwenye magoti mazuri ni mwendo wa dakika chache. Kwa mama ulikuwa mwendo wa robo saa na mapumziko mawili, moja kwenye ukuta wa kanisa na jingine kwa muuza mboga, ambaye alimwekea kigoda.

Mimi nilifanya kazi katika shirika dogo la utafiti. Tulikuwa watu saba katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa na kompyuta moja, ambayo kila jioni tuliifunika kwa kitambaa cha kufumwa ili isiingiwe na vumbi la saruji. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa maneno machache na suti moja ya kahawia. Tulimwita Daktari kwa ajili ya shahada yake, ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Mama aliponiuliza anatibu nini, nilimjibu kwamba anahesabu watu na mambo yao. Akasema, basi huyo ni daktari wa kuhesabu, na hilo ndilo jina alilojulikana kwalo nyumbani kwetu.

Mwaka huo tulipata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Wakuu wa afya walitaka kujua ni akina nani wanaotumia vituo viwili vya afya vya Eastlands, kile chetu cha Jericho na pacha wake wa Huruma. Vyote vilijengwa kwa ramani moja: jengo la mawe, bati juu, na milango miwili inayotazama ua mmoja. Mlango wa kushoto ulikuwa wa wajawazito na watoto wachanga. Humo mlikuwa na mizani iliyoning'inia kwenye boriti, na asubuhi vilio vya watoto wanaopimwa uzito vilisikika hadi barabarani. Mlango wa kulia ulikuwa wa wagonjwa wengine wote, watu wazima wenye malaria, vikohozi, vidonda na presha.

Upande wa kushoto ulikuwa umejaa pomoni, akina mama wakikaa chini kwenye saruji na watoto mapajani. Kwa hiyo wakuu walikuwa wakifikiria kuufunga upande wa kulia, wawape akina mama nafasi yote, na wagonjwa watu wazima waende hospitali kubwa upande wa pili wa mji. Walisema hawangeamua mpaka wasikie utafiti wetu. Tungeusoma katika kongamano la utafiti wa huduma za afya, katika hoteli moja mjini, mbele ya mashirika makubwa yenye magari na madereva. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kualikwa mahali kama hapo. Mkurugenzi alipoisoma barua ya mwaliko aliisoma mara mbili, kisha akaikunja akaitia mfuko wa koti, na alikaa nayo hapo siku nzima.

Hojaji ilikuja kwa Kiingereza. Mkurugenzi alipouliza nani ataitafsiri, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Nilifanya kazi hiyo kwa mbwembwe zote, kamusi mbili mezani, na wenzangu nikawakataza kunisemesha. Swali la saba ndilo lililokuwa moyo wa utafiti. Lilimwuliza mtu kama katika miezi mitatu iliyopita amefika kwenye kituo cha afya cha mtaa wake. Kwanza niliandika "kituo cha kutolea huduma za afya," nikaona linanuka hotuba ya mkuu wa wilaya. Nikafuta nikaandika "zahanati."

"Nani Jericho husema zahanati?" mkurugenzi akaniuliza.

Hakuna, na nilijua hakuna. Nikafuta tena nikaandika "kliniki." Katika miezi mitatu iliyopita, umekwenda kliniki? Lilikuwa swali fupi, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa na mandazi mawili.

Tukaingia mitaani. Kanuni ilikuwa kwamba hakuna mtu kuhoji nyumba yake wala ya jirani yake, kwa hiyo nyumba za kwetu alipewa mwenzangu, nami nikapewa sehemu ya Huruma. Nilipanda ngazi za maghorofa yale mpaka mashavu ya miguu yakaniuma. Nakumbuka mwanamume mmoja, kibarua wa kiwandani, aliyenifungulia mlango kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe, mpya, iliyofungwa kwa ustadi. Nikamwuliza swali la saba. Akasema hapana, hajaenda kliniki. Nikaitazama ile bendeji, nikajiambia kwamba wanaume ni wakaidi, lazima amefungwa na mkewe. Nikaweka alama yangu kwenye "Hapana," nikaendelea na swali la nane.

Majibu yalipojumlishwa yalikuwa safi ajabu. Akina mama wenye watoto wachanga walisema wamekwenda. Watu wazima wengine, wanaume kwa wanawake, karibu wote walisema hawajakwenda. Ilionekana upande wa kulia ulikuwa unakaa bure. Mkurugenzi akaandika pendekezo kwamba ufungwe, nami nikalipiga chapa.

Mtu ataniuliza kama nilimsahau mama yangu. Sikumsahau. Nilijua anakwenda pale kila mwezi. Lakini jedwali lilisema watu kama yeye ni wachache, nami nikaliamini jedwali kuliko macho yangu mwenyewe, kwa sababu jedwali nililitengeneza mimi. Nilijiambia nitakuwa ninampeleka hospitali kubwa mwenyewe. Nitaomba ruhusa kazini, tutabadilisha basi mara mbili, tutazoea. Kwa magoti yale! Naona aibu hata sasa kuliandika.

Kongamano lilikuwa siku ya Jumatano. Jumapili kabla yake, baada ya kanisa, nilikaa barazani kwetu na kalamu za rangi, nikinakili michoro yetu kwenye zile karatasi za plastiki zinazomulikwa ukutani kwa projekta. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya mwandiko wangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake akichambua kunde, na pamoja naye mama jirani, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke ambaye hakuna jambo la mtaa lililompita. Tulitoka naye upande mmoja wa magharibi mwa nchi na alikuwa akinitania tangu nikiwa mdogo.

"Mama wa ofisi," akaniambia, "hizo nyumba unazochora ni za nani? Moja ghorofa, moja kibanda."

Nikamweleza kwamba si nyumba, ni hesabu. Ile nguzo ndefu ni akina mama wenye watoto wachanga. Ile fupi ni watu wa umri wake na wa mama. Nguzo ni fupi kwa sababu hawaendi kliniki.

Mama akainua uso kutoka kwenye ungo. "Kliniki niende kufanya nini na hii miaka yangu? Nimebeba mimba?"

Mama jirani akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nikatabasamu kwa subira, kama msomi anavyowatabasamia watu wake.

"Mama, lakini wewe si unaenda? Juzi tu ulitoka huko na vidonge."

"Hiyo ni sipitali," mama akasema. "Nilienda sipitali."

"Ni kituo kile kile."

"Kituo ni kimoja, lakini kliniki ni mlango wa kushoto, kwa mizani ya watoto. Mlango wa kulia ni sipitali. Wewe nilikupeleka kliniki hapo hapo ukiwa mdogo, ukamkojolea sista. Hata hujui?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na ncha yake imegusa plastiki. Rangi ikaanza kutanda na sikuiondoa.

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nikilijua maisha yangu yote. Rafiki zangu walipokuwa wajawazito tulisema wameanza kliniki. Dada akichelewa sokoni na mtoto mgongoni tulisema amepitia kliniki. Na mtu akiugua, hata kama anakwenda pale pale kwenye ua ule ule, tulisema amepelekwa hospitali, vijana wakasema hosi, mama yangu akasema sipitali. Hakuna mtu Jericho ambaye angelichanganya hilo, labda mgeni. Au mimi, siku ile nilipokaa na kamusi mbili nikifikiri kwa Kiingereza.

"Mama," nikasema polepole, "yule mwenzangu aliyekuja hapa na makaratasi alikuuliza nini?"

"Yule kijana mpole? Aliniuliza mambo mengi. Akaniuliza kama nimeenda kliniki. Nikamwambia hapana."

"Na mimi nikamwambia hapana," mama jirani akasema. "Nilitaka kumwuliza kama ananiona na tumbo, lakini nikaona ni mtoto wa watu, nikanyamaza."

Kijasho chembamba kilinitoka. Nikaitazama ile nguzo fupi. Mama yangu alikuwa ndani ya upande usiokwenda, na mwanamke aliyekaa karibu naye pia, na wote wawili walikuwa na kadi za presha kwenye mikoba yao ya kanisani. Mama akaniuliza kama chakula cha kanisani kimenidhuru. Nikamwambia ni jua.

Hata hivyo nilikuwa na kiburi cha kutosha kujiambia kwamba wazee wawili si ushahidi. Jumatatu asubuhi, badala ya kwenda ofisini, nilikwenda Huruma nikapanda ngazi zile zile. Yule kibarua alikuwepo. Alikuwa bado hajarudi kazini, na mkono sasa ulikuwa wazi, kovu jekundu limepita kiganjani.

"Niaje, siste," akasema. "Umerudi na maswali?"

Nilimwambia ni swali moja tu. Ile bendeji alifungwa na nani?

"Na sista wa hosi, hapo kwa kituo. Mashine ilinishika, wakanishona nyuzi kibao. Nimeenda kama mara nne hivi."

"Mbona uliniambia hukwenda kliniki?"

Akanitazama kuona kama ninafanya mzaha. "Kliniki si ni ya wamama? Mimi ningeenda kuchapwa chanjo? Ungeniuliza hosi ningekushow."

Nikamshukuru na kushuka. Kwenye ngazi ya mwisho nikakaa. Niliwaza mambo mawili. La kwanza, kazi yangu imekwisha. La pili, kama nikinyamaza, hakuna mtu atakayejua. Muhtasari wetu ulikwisha kuchapwa katika kijitabu cha kongamano. Jedwali lilikuwa zuri. Wakuu wangefurahi kusikia walichotaka kusikia, na Jumanne fulani mama yangu angefika uani kwa robo saa yake na mapumziko mawili, akute mlango una kufuli. Sitaki kujifanya shujaa. Wazo la kunyamaza lilinijia na nililiangalia vizuri kabla ya kulitupa. Kilichoniondoa pale ngazini ni lile kufuli.

Mkurugenzi alikuwa akichonga penseli. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza yote, neno, mama, kunde, bendeji, bila kupumua. Nilipomaliza aliendelea kuchonga mpaka ncha ikakatika.

"Nani alichagua neno hilo?" akauliza.

"Mimi, Daktari."

"Nani alilikubali?"

Akapuliza vumbi la penseli mezani, akanyanyuka, akaenda dirishani. Chini watu wa duka walikuwa wakipakia mabati kwenye mkokoteni, na ilibidi tusubiri kelele ziishe.

"Mimi mama yangu," akasema bila kugeuka, "yuko nyumbani Kakamega, na akienda kupimwa miguu husema anaenda hospitali. Ni jengo la chumba kimoja. Nimemsikia mara mia." Kisha akageuka. "Tuna kesho peke yake. Waite wote."

Sikufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata nilikuwa nimepanga nitakavyobeba kamusi zangu, kwa hiyo nilibaki nimesimama pale mpaka akaniuliza nasubiri nini.

Hatungeweza kurudi nyumba zote kwa siku moja. Tulikubaliana turudi nyingi kadiri miguu itakavyotufikisha, na tuulize swali la saba upya. Swali likawa ni maneno gani tutumie. Mmoja akataka "hospitali," mwingine akasema wataelewa ni ile kubwa. Mmoja akataka "hosi," nikamwambia amwulize hivyo mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu aone. Tulibishana mpaka mpishi wetu wa chai, mama mmoja aliyekuwa akikusanya vikombe, akasema, "Si mchore tu hiyo nyumba."

Basi tukachora. Jengo, bati, ua, milango miwili. Juu ya mlango wa kushoto nikachora mizani na mtoto ndani yake. Juu ya mlango wa kulia sikuchora kitu. Hatukuandika neno hata moja. Tulimwonyesha mtu picha, tukamwomba aweke kidole pale alipoingia katika miezi mitatu iliyopita, kama aliingia.

Jumanne ile nilitembea kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na vidole vilikwenda kulia. Vya wazee, vya makarani waliostaafu, vya vibarua wenye kucha nyeusi, vya akina mama waliosema kushoto kwa mtoto na kulia kwa nafsi zao. Kila kidole kilichotua kwenye mlango ule mtupu kilinipunguzia mzigo. Kanuni au si kanuni, jioni nilimwonyesha mama naye. Alivaa miwani, akaisogeza karatasi karibu, akaweka kidole kulia, akakikaza pale.

"Lakini hamkuchora benchi," akasema. "Nje ya huu mlango kuna benchi."

Jumatano tukaenda hotelini, saba sote. Zulia lilikuwa laini mno, na viatu vyangu, nilivyovipiga rangi asubuhi, vilionekana vimevaa vumbi la Huruma yote. Tulibandikwa majina kifuani. Kila shirika lilipanda jukwaani na wasomi wake, Kiingereza kikatiririka, karatasi za plastiki zikabadilishwa moja baada ya nyingine. Zamu yetu ilipofika, mkurugenzi akaniinamia sikioni.

"Utaeleza wewe."

Nilidhani ndiyo adhabu yangu. Nikamwambia sitaweza.

"Mimi nikieleza watafikiri tumekosea hesabu," akasema. "Hesabu ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni neno, na neno unalijua wewe."

Nikapanda. Nilisema kijitabu walichoshika mkononi kina makosa yetu, na pendekezo lililomo tumeliondoa. Ukumbini vijitabu vikafunguliwa kila upande. Kisha nikawaonyesha mchoro wa nguzo mbili, nikawauliza wangapi kati yao wamewahi kusema mke amekwenda kliniki wakimaanisha ana homa. Hakuna. Nikawauliza wangapi husema mgonjwa amekwenda hospitali hata kama ni chumba kimoja cha mabati. Watu wakaanza kutazamana. Nikaweka ile picha ya milango miwili juu ya projekta, nikawaeleza vidole vilikwenda wapi, na habari ya mama yangu na swali lake kuhusu mimba.

Walicheka. Si kicheko cha kunidharau, ni kile cha mtu aliyejiona ndani ya kosa la mwenzake. Profesa mmoja mwenye mvi alisimama kuuliza swali, nikajua sasa ndiyo naliwa mzima. Akasema yeye naye ametumia neno kliniki katika hojaji zake kwa miaka mingi, na angependa kurudi nyumbani akazitazame upya, kama tutamwia radhi. Akaketi. Nilimtazama mkurugenzi. Alikuwa amekunja mikono juu ya suti yake ya kahawia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, meno yake yalionekana.

Wakati wa chai mama mmoja mnene, mmoja wa wakuu wa afya, alinijia na kisosi chenye sambusa mbili. Nilikuwa nikimwogopa yeye kuliko wote. Aliniuliza kama anaweza kupewa nakala ya picha ile. Nikampa ile ya mkononi mwangu, iliyokunjwa kunjwa na yenye alama ya vidole vya watu wa Huruma.

"Wote hao wanaingia kulia?" akauliza.

"Wanaingia, mama. Wamekuwa wakiingia siku zote."

Akaitazama tena. "Basi hapo hatuwezi kufunga," akasema, akala sambusa yake.

Nilitoka nje ya ukumbi nikatafuta choo, nikajifungia, nikalia kidogo kwa furaha, nikanawa uso na kurudi. Sambusa zilikuwa zimekwisha na sikujali.

Barua yenyewe ilikuja baada ya wiki kadhaa. Upande wa kulia utabaki kama ulivyo katika vituo vyote viwili, na akina mama wataongezewa chumba cha mabati ubavuni mwa kushoto. Nilimsomea mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo nitaendelea kwenda sipitali?" Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, akarudi kwenye redio yake.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa ya asubuhi moja nikamsindikiza. Tulipumzika kwenye ukuta wa kanisa, tukapumzika kwa muuza mboga. Tulipoingia uani benchi la mlango wa kulia lilikuwa limejaa, na mama jirani alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, mkoba wa kanisani magotini.

Mama akasimama mbele ya benchi zima, akanishika kiwiko, akasema kwa sauti, "Huyu ndiye alikuwa anataka kutufungia mlango."

Wakanitazama wote. Mzee mmoja aliyekuwa akikohoa akaacha kukohoa. Kisha mama jirani akaanza kucheka, na kicheko kikapita benchi lote hadi mwisho. Wakasogea, kila mmoja kidogo, mpaka ikapatikana nafasi ya mimi na mama. Nikakaa katikati yao. Sijawahi kufurahi hivyo kutajwa kwa kosa langu mbele ya watu.

Sista akaita, na mama akanipa mkoba wake nimshikie. Akaegemea mwimo wa mlango, akainua goti moja, akapumua, akainua la pili, akaingia mlango wa kulia.